Kwa nini hati ya jiji haifi mahakama inapokata kifungu chake kimoja?

Majiji makubwa ya Marekani huendeshwa kwa hati, yaani sheria mama ya jiji, ambayo hueleza madaraka ya meya, mipaka ya baraza la madiwani, nani hupitisha bajeti na nani huamua matumizi ya ardhi. Karibu na mwisho wa nyingi kati ya hati hizo kuna sentensi ambayo wasomaji huiruka: endapo mahakama itabatilisha kifungu kimojawapo, vifungu vilivyosalia vitaendelea kuwa na nguvu. Bila utaratibu huo, mlalamikaji mmoja angeshinda kesi juu ya ibara moja, na jiji zima lingebaki bila serikali halali.

Hata hivyo, sentensi hiyo haimfungi jaji mikono. Anachotakiwa kukipima ni nia ya waliotunga sheria. Benjamin Cardozo, alipokuwa jaji wa Mahakama ya Rufani ya Jimbo la New York, aliliweka wazi swali hilo mwaka 1920: kama watunga sheria wangejua mapema kwamba sehemu ile ingeanguka, je, wangependa iliyobaki itumike au wangeikataa yote? Kwa hati ya jiji, mtunga sheria mara nyingi ni wapiga kura wenyewe, kwa hiyo jaji hulazimika kukisia nia ya maelfu ya watu ambao hawakuulizwa swali hilo. Msomaji wa Tanzania hataliona wazo hili kuwa geni, kwa kuwa Ibara ya 64(5) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema kwamba sheria inayopingana na Katiba itakuwa batili kwa kadiri inavyokiuka Katiba, si zaidi ya hapo.

Kifungu kinachokataza au kutoza ni rahisi kukikata. Faini ya kubandika matangazo ukutani ikifutwa na mahakama, taka zitaendelea kuzolewa na mishahara italipwa. Vifungu vya mgawanyo wa madaraka ni habari nyingine, kwa sababu madaraka yakiondolewa katika chombo kimoja ni lazima yaende kwingine, na jaji anayechagua yaende wapi amekwisha kuwa mtunga hati. Ukiondoa figa moja kati ya matatu, yale mawili ni mazima, lakini sufuria haikai.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba Katiba ya Marekani hailazimishi majiji kutenganisha utungaji wa sheria na utekelezaji wake, na mahakama za majimbo kwa kawaida huliacha suala hilo kwa hati yenyewe. Jiji la Galveston, Texas, baada ya kimbunga cha Septemba 1900 kilichoua watu wasiopungua 6,000, liliweka kila kitu mikononi mwa makamishna 5 ambao kwa pamoja walitunga sheria ndogo, na wanne kati yao wakaongoza kila mmoja idara yake. Kilichowaponza mahakamani ni namna walivyopatikana, kwa kuwa watatu waliteuliwa na gavana badala ya kuchaguliwa. Mwaka 1903 Mahakama ya Rufani za Jinai ya Texas iliona kwamba uteuzi huo unakiuka katiba ya jimbo. Bunge la jimbo likarekebisha hati ili wote wachaguliwe, na mfumo wenyewe ukaendelea na kuigwa na miji mingine mingi.

New York ndiko ugumu ulikojitokeza waziwazi. Kwa miongo mingi chombo chenye nguvu kuliko vyote huko kilikuwa Bodi ya Makadirio, iliyogawa mikataba, kuamua matumizi ya ardhi, kusimamia mali ya jiji na kupitisha bajeti pamoja na Baraza la Jiji. Meya, mdhibiti wa fedha na rais wa Baraza walikuwa na kura 2 kila mmoja, na marais wa wilaya 5 za jiji kura 1 kila mmoja. Hesabu hiyo ilimaanisha kwamba wilaya ya Brooklyn, iliyokuwa na wakazi zaidi ya milioni 2.2 katika sensa ya 1980, ilikuwa na kura sawa na wilaya ya Staten Island yenye wakazi wapatao 352,000. Wakazi wa Brooklyn walifungua kesi mwaka 1981. Jiji lilijitetea, pamoja na mengine, kwamba Bodi ni chombo cha aina ya pekee ambacho kazi zake si za kutunga sheria, na kwa hiyo kanuni ya mtu mmoja, kura moja haikihusu. Kwa maoni yangu utetezi huo ulikuwa wa ujanja kuliko wa haki, kwa sababu uligeuza mchanganyiko wa madaraka kuwa kinga. Machi 22, 1989 Mahakama Kuu ya Marekani iliukataa, na majaji wote 9 walikubaliana kwamba muundo wa Bodi ulikiuka Katiba.

Je, kura za marais wa wilaya hazingeweza kukatwa tu na Bodi ikabaki? Kwa maandishi, ingewezekana. Lakini Bodi isiyo na wilaya isingekuwa ile waliyoikubali wapiga kura, na wazo la kuzipa kura uzito kulingana na idadi ya watu lilijadiliwa bila kufika popote. Hivyo tume ya marekebisho, chini ya Frederick A. O. Schwarz Mdogo, iliandika upya sehemu kubwa ya hati, na wapiga kura wakaipitisha Novemba 1989. Bodi ilivunjwa. Baraza liliongezwa kutoka viti 35 hadi 51 na kupewa neno la mwisho juu ya bajeti na maamuzi mengi ya ardhi, huku mikataba ikihamia kwa meya na idara zake.

Staten Island, iliyopoteza kura yake katika Bodi, ilipiga kura mwaka 1993 kutaka kujitenga na jiji, na asilimia 65 wakaunga mkono, lakini bunge la jimbo halikuwahi kuidhinisha.