Bok de Korver na namba tano ya zamani

Kijana akija mazoezini akaniambia anacheza namba tano, najua anataka kusimama mbele ya kipa. Lakini namba hiyo haikuanzia kwenye ulinzi, na nikitaka kulieleza hilo huanza na Bok de Korver wa Sparta Rotterdam, klabu ya Uholanzi.

Alizaliwa mwaka 1883. Tarehe 30 Aprili 1905 alikuwemo Antwerp katika mechi ya kwanza kabisa ya timu ya taifa ya Uholanzi, iliyoifunga Ubelgiji 4-1 baada ya muda wa nyongeza. Mabao yote manne yalifungwa na Eddy de Neve, kwa hiyo wengi humkumbuka de Neve. Mimi humtazama de Korver.

Enzi hizo timu zilipangwa mabeki wawili, viungo watatu, washambuliaji watano. De Korver alikuwa kiungo wa katikati. Waholanzi waliiita nafasi hiyo spil, yaani mhimili, kwa kuwa mchezo mzima ulimzunguka yeye: anamkaba mshambuliaji wa kati wa wapinzani, anapokonya mpira, anapandisha, anagawa kulia na kushoto, kisha anarudi mbio. Leo kazi hiyo tungewapa watu wawili, pengine watatu. Jezi hazikuwa na namba bado, lakini namba zilipokuja zikafuata mpangilio ule ule, na kiungo wa katikati akapata tano.

Aliichezea Uholanzi mechi 31, hadi mwaka 1913, akafunga bao moja tu. Bao moja halinishangazi. Kazi yake ilikuwa nyingine. Alipata medali ya shaba kwenye Olimpiki za 1908 na 1912. Kule Stockholm, mwaka 1912, Uholanzi ilicheza mechi nne ndani ya siku sita, ya kwanza dhidi ya Sweden ikaenda muda wa nyongeza (4-3), na kesho yake wakaingia tena uwanjani kucheza na Austria. Hawa walikuwa wachezaji wa ridhaa; soka la kulipwa lilikuja kuruhusiwa Uholanzi mwaka 1954.

Mabeki wawili walitosha kwa sababu sheria ya kuotea ilitaka wapinzani watatu wawe kati ya mshambuliaji na mstari wa goli. Mwaka 1925 wakapunguzwa kuwa wawili. Washambuliaji wakapata upenyo, makocha wakamshusha kiungo wa katikati akazibe katikati ya mabeki, naye akashuka na namba yake.