Likeni na mhina: viumbe viwili vya pwani vyenye rangi

Mhina (Lawsonia inermis) hauhitaji utambulisho kwa watu wa pwani. Ni kichaka chenye mizizi, shina, majani, na maua madogo meupe yenye harufu inayojaza ua mzima jioni. Maua yakichavushwa hutoa vitunda vya mviringo vilivyojaa mbegu.

Likeni iitwayo Roccella montagnei huota pwani hiyohiyo, kwenye magome ya miti, mikoko ikiwemo. Huning'inia kama riboni nyembamba za kijivu. Wengi huiona wakadhani mti unaumwa, na hapo ndipo huionea bure.

Likeni si mmea. Ni kuvu na mwani mdogo mno, si ule wa baharini, wanaoishi katika mwili mmoja: kuvu hujenga umbo na kuhifadhi unyevu, mwani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kumlisha mwenzake. Mtaalamu wa mimea Mswisi, Simon Schwendener, alipolieleza hilo miaka ya 1860, mabingwa wa likeni wa wakati huo walimpinga vikali.

Haina ua wala mbegu. Itazame kwa karibu: ina madoa ya ungaunga mweupe. Kila chembe ya unga huo ni nyuzi za kuvu zilizozingira seli za mwani, kwa hiyo popote upepo utakapoiangusha, wote wawili wamefika. Kwangu mimi hili ndilo la ajabu kuliko yote.

Rangi nazo zimejificha. Jani la mhina ni kijani, lakini likisagwa na kukandwa kwa ndimu hutoa wekundu unaong'ang'ania ngozi na kucha. Likeni ya kijivu huloweshwa kwenye amonia, zamani mkojo uliochacha, ikaachwa ipate hewa kwa wiki kadhaa hadi igeuke zambarau. Katika karne ya 19 ilisafirishwa kutoka Zanzibar kwenda Ulaya kutia rangi hariri na sufu. Baada ya mkemia Mwingereza William Perkin kugundua rangi ya kiwandani mwaka 1856, soko la likeni likafifia. Hina imebaki, harusini na sikukuu.

Na mti unaobeba likeni haunyonywi. Likeni haina mizizi. Hupata maji kutoka kwenye mvua na umande, na kiangazi hukauka ikasubiri. Mhina ukikatwa huchipua upesi. Likeni ikibanduliwa huchukua miaka kurudi, basi iacheni mtini.