Taharuki si mshtuko

Jumamosi moja nilikuwa kwa kinyozi hapa Kondele, Kisumu, mashine imefika katikati ya kichwa, na televisheni ya ukutani inaonyesha tamthilia ya Game of Thrones, vile vita vya usiku vya msimu wa 8, kipindi cha 3. Arya Stark akachomoka gizani, akamdunga Mfalme wa Usiku, na jeshi zima la wafu likaporomoka. Jamaa mmoja aliyekuwa akingoja zamu, pakiti ya njugu mkononi, akapiga kofi: "Hiyo sasa ndiyo taharuki!" Nilitikisa kichwa, na kinyozi akanigombeza, kwa haki.

Maana tuimalize upesi. Taharuki ni hamu iliyochanganyika na wasiwasi, inayomshika msomaji au mtazamaji anapongoja jambo ambalo amekwisha kulihisi linakuja. Aliyesoma fasihi shuleni ameshaandika kitu kama hicho kwenye mtihani.

Neno lenyewe ndilo tamu. Limetoka kwa Waarabu, kwenye mzizi wa mwendo. Taharruk kwao ni kusogea. Mzizi huohuo ndio uliotuletea haraka na harakati, kwa hiyo hawa ni ndugu wa tumbo moja. Kiswahili kiliuchukua mwendo huo kikauingiza moyoni: anayetaharuki hatulii, ndani kunamwenda mbio hata kama amekaa kwenye kiti. Watangazaji wakisema taharuki imetanda mjini matokeo ya uchaguzi yakisubiriwa, hawajakosea. Ila angalia wanasema lini: yakisubiriwa. Yakishatangazwa, kuna shangwe au kuna vurugu, na hayo yana majina yake.

Mshtuko hauna haja ya kungoja. Paka akianguka kutoka darini utaruka, na hakuna aliyekusimulia kitu. Taharuki hujengwa, na ajabu yake ni kwamba haiharibiki hata ukiujua mwisho. Huku kwetu nani hajui kwamba Luanda Magere, yule shujaa wa Waluo mwenye mwili wa jiwe, nguvu zake zilikuwa kivulini? Tulijua tukiwa watoto. Bado msimulizi alipofika pale mume anaumwa na kichwa, anamwambia mke aliyetoka kwa maadui achukue kisu akichanje kivuli, tulikuwa tunafinyana. Damu inatoka kivulini, mke anaiona, ananyamaza. Ule unyamavu wake ndio taharuki.

Hao wa Game of Thrones walilijua hilo vizuri sana wakati mmoja. Ile harusi ya msimu wa 3, ya mwaka 2013, watu huikumbuka kwa visu. Mimi naikumbuka kwa mlango. Mlango wa ukumbi unafungwa, wanamuziki wanaanza wimbo wa ukoo wa adui, Catelyn, mamake Arya, anaacha kutabasamu. Kisha anainua mkono wa nguo ya jirani yake na kukuta amevaa deraya ndani. Kisu hakijachomolewa.

Baadaye ndugu mmoja, haraka, alimla mwenzake, taharuki. Misimu 6 ya kwanza ilikuwa na vipindi 10 kila mmoja. Wa 7 ukapata 7, wa mwisho 6. Mwanzoni msafara wa mfalme ulichukua mwezi mzima kufika Winterfell, ngome ya kaskazini. Kufikia msimu wa 7, katika kipindi kimoja tu, kijana Gendry anakimbia hadi kwenye ule Ukuta wa barafu kuomba msaada, kunguru anaruka na ujumbe hadi Dragonstone, kisiwa cha mbali kusini, na majoka yanafika kabla wenzake Gendry hawajafia barafuni. Ukiondoa njia, mtazamaji atangojea wapi? Waliobaki na haraka wakaanza kutuuzia mshtuko.

Sisemi kipindi kile cha vita hakikuwa na taharuki. Kilikuwa nayo, na nyingi: piano inalia polepole, Mfalme wa Usiku anamwendea Bran, nduguye Arya, chini ya mti, hatua moja, hatua nyingine, hana pupa. Arya alipochomoka ndipo ilipokatika.

Nilipomaliza kunyolewa nilimpisha jamaa kiti, nikamwambia, "Omera, pale ulipopiga kofi ulishtuka tu. Taharuki ilikuwa pale nyuma, ulipoacha kutafuna njugu."