Darubini nyepesi ya bunduki ya mezani: maana yake na namna ya kuichagua

Katika mashindano ya benchiresti, mlengaji haishiki bunduki kama mwindaji au askari. Anakaa kwenye kigoda nyuma ya meza nzito, mara nyingi ya zege. Mbele, bunduki imelazwa juu ya kiegemeo chenye mfuko wa mchanga. Nyuma, kitako kimekalia mfuko mwingine. Kazi yake ni kupiga risasi tano, au kumi katika mechi nyingine, kwenye karatasi iliyo umbali wa yadi 100, 200 au 300, matundu yakae karibu karibu iwezekanavyo. Katika mashindano ya makundi hakuna alama za kupiga katikati. Kinachopimwa ni umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana kuliko yote, kutoka kitovu hadi kitovu, na wastani wa makundi matano ndio unaompa mtu nafasi yake. Kwa yadi 100, wastani ulio chini ya inchi 0.2, yaani milimita 5, ndio wanaougombania walengaji wazuri.

Mchezo huu ulikulia Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili. Chama cha walengaji wa mchezo huu, NBRSA, kilianzishwa mwaka 1951, na kingine, IBS, kikafuata mwaka 1970. Ndiyo maana hadi leo vipimo vyake ni paundi, wakia, yadi na inchi. Bunduki hugawanywa kwa uzito kama mabondia. Daraja liitwalo Light Varmint halizidi paundi 10.5, ambazo ni kilo 4.76. Heavy Varmint haizidi paundi 13.5, kama kilo 6.12. Na bunduki hupandishwa kwenye mizani ikiwa na darubini yake, pete zinazoishikilia na kila kilichofungwa juu yake.

Hapo ndipo uzito wa darubini unapoanza kuuma. Kwa mwindaji, gramu 300 za ziada ni suala la bega kuchoka. Kwa mlengaji wa Light Varmint, gramu hizo lazima zitoke mahali pengine ndani ya bunduki hiyohiyo, na mahali penyewe karibu kila mara ni mtutu. Mtambo wa kufungia risasi tayari umetengenezwa kwa alumini na chuma kwa kubana kila gramu, na kitako ni cha nyuzi za kioo au kaboni. Hakuna pengine pa kukata.

Tupige hesabu. Darubini ya Weaver T-36, yenye ukuzaji wa mara 36 na lenzi ya mbele ya milimita 40, ina uzito wa wakia 17 hivi, gramu 480 kwa makadirio. Leupold za mashindano za mara 40 au 45 zenye lenzi ya milimita 45 zinacheza kwenye wakia 20. Nightforce ya mara 15 hadi 55 yenye lenzi ya milimita 52 inafika wakia 28, karibu gramu 790. Kati ya ya kwanza na ya mwisho kuna tofauti ya gramu 310. Mtutu wa chuma wenye unene wa sentimita 2.3 una uzito wa gramu 30 hivi kwa kila sentimita moja ya urefu. Kwa hiyo tofauti hiyo ya darubini ni sawa na sentimita 10 za mtutu, na mitutu ya daraja hili mara nyingi ina sentimita 51 hadi 56 tu.

Unaweza kuukata mtutu, au kuuchonga uwe mwembamba. Ukiukata, unapoteza kasi ya risasi, ingawa mtutu mfupi kwa kweli haupindi sana kama mrefu. Ukiuchonga ndipo balaa lilipo. Unene ukipungua kwa asilimia 5, uzito unashuka kwa asilimia 10 hivi, lakini ukakamavu wa mtutu unashuka kwa asilimia 18, kwa sababu ukakamavu hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Mtutu mwembamba hutetemeka zaidi na hupata joto upesi, na joto lake linapanda mbele ya lenzi. Halafu kuna kifaa cha kurekebisha mtetemo, kile cha kufungwa kwenye ncha ya mtutu. Siku hizi wengi wanakitaka, nacho kina uzito wake. Ukiwa na darubini ya wakia 28, katika Light Varmint unaweza ukakuta hakuna nafasi ya kukifunga.

Kwa hiyo tunapoisifu darubini kuwa nyepesi, tunasifia ule mtutu mzito zaidi iliyotuwezesha kuuweka.

Je, mtu anunue tu ile nyepesi kuliko zote dukani? Hapana, na hapa ndipo wengi wanapotupa fedha zao.

Ndani ya darubini kuna mrija mdogo unaobeba lenzi za kuisimamisha taswira, maana lenzi ya mbele peke yake huigeuza juu chini. Ukizungusha skrubu ya juu au ya pembeni, unausukuma mrija huo, na upande wa pili springi inausukuma urudi. Mrija unakaa kati ya skrubu na springi, basi. Risasi inapotoka, bunduki inaruka nyuma, na kila kitu ndani ya darubini kinataka kubaki kilipokuwa. Springi ikiwa dhaifu, au mrija una nafasi hata ndogo kwenye kiungo chake cha nyuma, unarudi karibu na pale ulipokuwa, lakini si palepale.

Ni udogo gani huo? Tuseme lenzi ya mbele inakusanya mwanga sentimita 25 nyuma yake. Mrija ukihama maikroni 7, ambazo ni kama sehemu ya kumi ya unene wa unywele, nukta ya kulengea kwenye yadi 100 inahama milimita 2.5 hivi. Hiyo ni nusu ya kundi zima la ushindi, na mlengaji hajafanya kosa lolote. Atalaumu upepo. Atabadilisha kipimo cha baruti. Atanunua mtutu mpya. Darubini inakuwa mtuhumiwa wa mwisho, kwa sababu ukiichungulia inaonekana nzuri kabisa.

Njia ya kuikamata ni rahisi kuieleza na ngumu kidogo kuifanya: darubini mbili hufungwa sambamba juu ya bunduki moja, zote zikaelekezwa kwenye nukta moja. Unapiga risasi moja, unairudisha bunduki hadi darubini ya kwanza ikae tena kwenye nukta ile, kisha unachungulia ya pili. Zikiwa haziangalii tena mahali pamoja, mojawapo imehama. Ndiyo maana darubini ya kulinganishia hufungiwa viungo vyake vya ndani kwa gundi ngumu, isiweze kuhama hata ikitaka. Walipoona matokeo ya vipimo vya namna hii, baadhi ya walengaji wakaamua kushindana kwa darubini hizohizo zilizogandishwa, na kurekebisha shabaha kwa pete maalumu zinazoisogeza darubini nzima. Si wazo geni. Darubini za zamani za Unertl, zilizotengenezwa Pittsburgh, zilirekebishwa kwa nje vilevile, na nyingi ziliteleza ndani ya pete zake kila risasi ilipolia, mwenyewe akazivuta zirudi kabla ya kupiga nyingine. Gharama ya pete za kurekebishia ni uzito, kwa hiyo mtu anarudi kwenye hesabu ileile ya mizani.

Kwa maoni yangu, mpangilio sahihi wa kuchagua ni huu: kwanza isihame, pili iwe nyepesi, tatu ndipo tuzungumzie uzuri wa kioo. Wauzaji huanza na kioo.

Darubini ya ukuzaji mmoja ina faida hapa. Ile ya kuvuta karibu na mbali ina lenzi zaidi zinazotembea, na kila kinachotembea ni uzito na ni mahali pa kulegea. Mwindaji anahitaji kushuka hadi mara 4 mnyama akitokea karibu. Karatasi ya yadi 100 haitembei. Kwa mara 36, unaiona kana kwamba iko mita 2.5 mbele yako. Kwa mara 45, mita 2. Tundu la risasi ya milimita 6 linaonekana wazi kwa zote mbili. Tofauti ya kweli inakuja jua likishapanda, mazigazi yakianza kucheza juu ya nyasi: ukuzaji mkubwa unayakuza nayo pia. Wapo wanaoyapenda, kwa kuwa wanayasoma kama bendera za upepo, na wapo wanaoona taswira inachemka tu.

Mwanga nao hupungua. Gawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, utapata upana wa mwali unaoingia jichoni: 40 kwa 36 ni milimita 1.1, 45 kwa 45 ni milimita 1. Kwa mchana wa jua hiyo inatosha, ila kichwa lazima kikae mahali pamoja, maana ukisogea kidogo taswira inazima. Kwa hiyo kitako na kiegemeo vipangwe vikuletee jicho lako bila kunyoosha shingo, hasa ukikumbuka mechi ya risasi tano ina dakika 7 tu, pamoja na risasi zote za majaribio utakazotaka kupiga kwenye sehemu ya chini ya karatasi.

Paralaksi, yaani nukta ya kulengea kuonekana inahama jicho likisogea, usiiache. Weka bunduki kwenye mifuko bila kuigusa, sogeza kichwa kulia na kushoto. Nukta ikitembea juu ya karatasi, rekebisha hadi itulie. Kirekebishi cha pete ya mbele ni cha kizamani na hakifikiki vizuri ukiwa umekaa, lakini kinafanya kazi.

Jambo jingine linalosahaulika ni nafasi ya jicho, yaani umbali kati ya jicho na lenzi ya nyuma. Wengi katika mchezo huu hawaibani bunduki kabisa. Kidole peke yake kinagusa kifyatulio, kilichotegwa kifyatuke kwa nguvu ya wakia mbili tu, na bunduki inaachwa iteleze nyuma yenyewe. Risasi ya 6 PPC, ile iliyobuniwa na Lou Palmisano na Ferris Pindell katika miaka ya 1970 na ambayo bado inatawala yadi 100 na 200, haina mshindo mkali. Lakini darubini yenye nafasi fupi ya jicho itakugonga nyusi siku utakayokaa vibaya. Pete zifungwe chini kadiri lenzi ya mbele inavyoruhusu, kwa sababu uzito uliopanda juu huifanya bunduki ijipinde pembeni kwenye mifuko inapokataa mzunguko wa risasi.

Kabla ya kulipa, pima mwenyewe kwa mizani ya jikoni. Uzito ulioandikwa kwenye katalogi ni wa darubini tupu. Ongeza pete, vikalio vyake, kivuli cha jua, na ule utepe wa kuzuia joto la mtutu lisipande mbele ya lenzi.

Anayeshindana Heavy Varmint ana kilo nzima na zaidi ya kujinafasi, lakini wengi huingia humo na bunduki ileile ya paundi 10.5, maana kumiliki mbili ni ghali, na hao bado wamefungwa na hesabu ya daraja dogo. Daraja la Hunter lina kikomo cha paundi 10, lakini darubini hairuhusiwi kuzidi mara 6, na za namna hiyo zenye wakia 11 zinapatikana bila shida. Kwa wanaopiga yadi 1,000, ambako hata bunduki inayoitwa nyepesi inaruhusiwa paundi 17, ile Nightforce ya wakia 28 inafungwa na mizani haistuki.