Je, wajua kwa nini katikati ya safu za milima kuna graniti?

Makalu, mlima wa Himalaya ulio wa tano kwa urefu duniani, una kilele cha graniti kilicho mita 8,485 juu ya usawa wa bahari. Kilomita 20 hivi kutoka hapo iko Everest, na kilele chake ni kitu kingine kabisa: mawe ya chokaa yenye mabaki ya viumbe wa baharini walioishi zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Chokaa hiyo haina utata mkubwa. Ilikuwa sakafu ya bahari, India ikaja kuigonga Asia, sakafu ikainuliwa. Graniti ya Makalu ndiyo inayozua maswali. Haina kisukuku hata kimoja, na hakuna volkeno iliyoimwaga pale. Zaidi ya hayo, ina umri wa miaka milioni 20 na ushei tu, wakati mgongano wa India na Asia ulianza takriban miaka milioni 50 iliyopita. Yaani milima ilikwishaanza kujengwa, ndipo graniti ikaja. Ilitoka wapi?

Sisi wa Afrika Mashariki tukisikia mawe yaliyoyeyuka, akili inakwenda moja kwa moja kwenye volkeno, na si ajabu, kwa kuwa Kilimanjaro, Meru na Mlima Kenya yote ilijengwa na magma iliyofika juu na kumwagika. Graniti ni magma ambayo haikufika. Ilikwama chini, mara nyingi kilomita 5 hadi 15 ndani ya ardhi, ikapoa taratibu kwa maelfu mengi ya miaka. Ndiyo maana chembe zake zinaonekana kwa macho. Chukua kipande cha graniti ya Himalaya: ni cheupe, kimejaa kwatsi inayong'aa kama kioo na feldispa ya rangi ya maziwa, kina vipande vyembamba vya ulanga vinavyobanduka kwa ukucha, na katikati yake kuna vijiti vyeusi vya tomalini pamoja na punje ndogo nyekundu za garneti. Vijiti hivyo vyeusi vishike kichwani, tutavirudia.

Kwamba graniti iliwahi kuwa kimiminika, watu walilibishania sana. Katika karne ya 18 Mjerumani Abraham Gottlob Werner na wafuasi wake walifundisha kwamba ni mwamba wa kwanza kabisa, uliojitenga na maji ya bahari kuu iliyoifunika dunia. Mskoti James Hutton hakukubali. Mwaka 1785 alikwenda bonde la Glen Tilt, Uskoti, na kwenye kingo za mto akakuta mishipa myekundu ya graniti imepenya ndani ya mwamba wa kijivu, ikiukata na kuvunja vipande vyake. Kitu hakiwezi kupenya hivyo kikiwa kigumu, na anayepenya sharti amkute mwenyeji yupo. Kwa hiyo graniti ile ilikuwa ya moto na majimaji, tena ni changa kuliko mwamba iliouvamia. Rafiki yake John Playfair aliandika baadaye kwamba Hutton alifurahi kiasi cha wenyeji waliomwongoza kuamini amegundua mshipa wa fedha au dhahabu.

Basi iliyeyuka. Lakini kwa nini iyeyuke? Wengi hudhani kwamba chini ya miguu yetu, ukipita ukoko wa dunia, kuna bahari ya uji wa moto inayosubiri upenyo. Sivyo. Mantili, tabaka nene lililo chini ya ukoko, karibu yote ni mwamba mgumu. Kuna joto jingi kule, ila shinikizo nalo ni kubwa na linauzuia mwamba usiyeyuke. Magma ni jambo la pekee linalotokea pale tu mazingira yanapobadilika, na milima inapojengwa mazingira hubadilika sana.

Badiliko la kwanza ni unene. Ukoko wa kawaida wa bara una kilomita 35 hadi 40. Chini ya Himalaya na Tibet unafikia kama 70, kwa sababu mabara mawili yamepandana. Miamba iliyokuwa karibu na uso wa dunia ikajikuta imezikwa kwa kina cha makumi ya kilomita. Joto ardhini huongezeka nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita katika sehemu za juu za ukoko, na miamba ya mabara ina urani, thori na potasi, ambazo hutoa joto kidogo kidogo bila kukoma. Ukiurundika ukoko wa namna hiyo maradufu, unaanza kujipasha moto wenyewe. Kazi hiyo huchukua mamilioni ya miaka, na hicho ndicho kinachoeleza kwa nini graniti ya Makalu ilichelewa.

Hata hivyo, joto peke yake halitoshi. Graniti kavu huhitaji karibu nyuzi 950 za Selsiasi ili iyeyuke. Mwaka 1958 yalichapishwa majaribio ya Mmarekani Tuttle na Mkanada Bowen yaliyoonyesha kwamba kwatsi na feldispa zikichanganywa na maji chini ya shinikizo kubwa, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 650 hivi. Tofauti hiyo ni kubwa mno. Sasa, maji yatoke wapi kilomita 25 chini ya ardhi? Yamo ndani ya ulanga. Madini haya yana maji yaliyofungwa katika umbo lake, na yakifikia nyuzi 700 na kitu huvunjika na kuyaachia. Hapo mwamba huanza kutoa matone. Hauyeyuki wote, ni kama nyama juu ya jiko la mkaa, mafuta yanatangulia kuchuruzika huku mnofu ukibaki. Kinachochuruzika kina kwatsi na feldispa kwa wingi, na ndicho graniti.

Turudi kwenye tomalini. Ili iumbike inahitaji boroni, na boroni hukusanyika sana kwenye matope ya mfinyanzi ya baharini. Garneti na ulanga mweupe navyo vinaelekeza huko huko, kwenye mwamba uliotokana na mfinyanzi. Kumbe graniti ya Makalu nayo ilikuwa sakafu ya bahari, sawa na chokaa ya Everest. Tofauti ni kwamba tope lake lilizikwa, likapikwa na kuyeyuka kabla ya kupanda.

Isidhaniwe kwamba kila graniti ina historia hiyo. Sierra Nevada ya California ina mwili mkubwa wa graniti wenye urefu wa kilomita 600 hivi, na huko hakukuwa na bara lililogonga jingine. Bamba la bahari, yaani kipande kikubwa cha ganda gumu la dunia kilicho chini ya bahari, lilikuwa likizama chini ya Amerika Kaskazini, na sehemu kubwa ya graniti hiyo ilizaliwa kati ya miaka milioni 120 na 85 iliyopita. Bamba linalozama hubeba maji ndani ya madini yake. Maji hayo yakibanwa na kutoka, hupanda kwenye mantili na kushusha kiwango cha kuyeyuka kwake. Magma ya mantili huja kutuama chini ya ukoko, huupasha moto, huyeyusha sehemu yake, kisha vyote huchanganyika. Hapo unapata graniti nyeusi-nyeusi kidogo, kama ile ya jabali maarufu la Half Dome, na tomalini huioni. Mwaka 1974 Chappell na White, waliokuwa wakichunguza graniti za Australia, walizigawa katika makundi mawili: zilizotokana na mashapo, yaani tope na mchanga uliogeuka mwamba, na zilizotokana na miamba iliyokwisha kuwa magma hapo awali. Mgawanyo huo bado unatumika, japo wengi wanaona kuna mchanganyiko mkubwa kuliko ulivyoruhusu.

Mtu anaweza kuuliza: kama magma ya graniti ni nyepesi kuliko miamba inayoizunguka, mbona Himalaya hakuna volkeno? Jibu, na hapa ndipo ninapopapenda zaidi, ni maji yale yale. Magma iliyojaa maji hukaa majimaji kwa sababu shinikizo linayashikilia ndani yake. Ikipanda, shinikizo linapungua, maji yanatoka, na kiwango chake cha kuyeyuka kinapanda tena. Inaganda njiani. Kilichoiwezesha kuzaliwa ndicho kinachoizuia kufika juu.

Swali lililowasumbua wanajiolojia kwa miaka mingi ni la nafasi. Mwili wa graniti unaweza kuwa na ukubwa wa wilaya nzima. Miamba iliyokuwepo pale ilikwenda wapi? Zamani walichora puto kubwa la magma likipanda polepole na kusukuma kila kitu kando. Siku hizi wengi wanaona kwamba magma hupita kwenye nyufa nyembamba na kujijenga kwa mafungu: fungu linaingia kati ya tabaka, linainua paa au kuikandamiza sakafu, linaanza kupoa, kisha linakuja lingine. Ushahidi mzuri uko kwenye zikoni, vijichembe vidogo sana vyenye urani inayogeuka kuwa madini ya risasi kwa kasi inayojulikana. Zikoni za eneo la Tuolumne, pale pale Sierra Nevada, zilionyesha kwamba mwili uliodhaniwa kuwa wa mara moja ulijengwa kwa takriban miaka milioni 10. Magma yote haikuhitaji nafasi kwa wakati mmoja.

Kinachobaki ni kuifunua, na hilo ni kazi ya mmomonyoko. Mahali pengine unakwenda haraka: huko Japani graniti ya Kurobegawa iko wazi juu ya ardhi ingawa umri wake haufiki miaka milioni moja. Mwanza ni kinyume chake. Majabali ya graniti yanayosimama ziwani na kwenye vilima vya jiji, Bismarck Rock likiwemo, ni sehemu ya ukoko wa kale wenye zaidi ya miaka bilioni 2.5. Umbo lao la mviringo ni la baadaye, limetokana na maji na hewa kula mwamba kupitia nyufa zake. Graniti yenyewe iliganda kilomita kadhaa chini ya ardhi, kwa hiyo kila kilichokuwa juu yake kimekwishaondoka.