Kile kikofia cha nano si Shift na 6

Kuna kijana hapa Chake ananifata baada ya isha nimfundishe mambo ya seva, juzi kanitumia picha ya skrini ya nano, ile programu ya kuhariri maandishi ndani ya terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, faili la watu mstari wa kwanza umeandikwa ^G^O^X^X^X na chini yake kauliza, kaka mbona hii nano haitoki? Nikacheka, halafu nikaona mbona kosa si lake. Chini ya nano pameandikwa ^X Exit, yeye kakitafuta hicho kikofia ^ kwenye kibodi kakikuta juu ya 6, kashika Shift kabonyeza, kaweka X, akagonga na Enter kabisa. Kafata maelezo neno kwa neno masikini.

Dhana inayosumbua wengi ndo hiyo, kwamba alama unayoiona ndo kitufe chenyewe. Sivyo, kile kikofia maana yake Ctrl, basi. Na nano imelieleza hilo, wallahi imeeleza, ila imeeleza ndani ya msaada, na msaada unafunguliwa kwa ^G. Yaani ufunguo wameufungia ndani ya sanduku lake.

Halafu ile herufi kubwa. Mtu anaona ^W anashika Ctrl, Shift na W, kumbe W imeandikwa kubwa kwa mazoea tu, Shift haitakiwi. Na usidhani ni kitu kidogo, maana kuna terminali ukibonyeza hivyo inafunga tabu nzima, wewe ulitaka kutafuta neno tu. Ila kwenye Vim, programu nyingine ya kuhariri maandishi, bila ya Ctrl mambo yanageuka, hapo ukubwa wa herufi una maana, u inafuta badiliko la mwisho, U inarudisha mstari mzima ulivyokuwa.

Na M-U je, ile ya nano ya kutengua ulichofanya? Watu wanaandika m wanaandika u, faili linapata "mu" zaidi. Hiyo M ni Meta, kitufe cha kibodi za zamani za kule MIT Marekani, Emacs, nayo programu ya kuhariri maandishi, ilipoanza 1976. Leo tumia Alt, na kama terminali inaichukua Alt kufungua menyu zake, bonyeza Esc, achia, halafu U.

Majina nayo! Emacs inasema "kill" na mtu anaogopa maandishi yamekufa, kumbe imekata tu, yanarudi kwa "yank". Kwenye Vim neno hilohilo "yank" ni kukopi. Mie mpaka leo nachanganya. Lakini nisiyoisamehe ni ^O "Write Out" ya nano, kwa nini wasiandike kusevu watu wakaelewa?

Na wanaosema Vim imewapotezea kazi kwa Ctrl na Z, haikupotea, imesimamishwa nyuma, andika amri ya fg ugonge Enter, inarudi. Skrini ikiganda kwa Ctrl na S, Ctrl na Q inaifungua.

Basi yule kijana nikamwambia panda mstari mmoja juu, Ctrl na K uufute huo uchafu, kisha Ctrl na X, itakuuliza kama unataka kusevu, bonyeza Y halafu Enter. Kimya dakika mbili. Akarudi:

"Kaka, na hiyo Y ya Ctrl?"

Hapana yakhe, hiyo Y haina kikofia.