Je, wajua kwa nini video ya GB 2 inagoma kuingia kwenye DVD ya GB 4.7?

Hili swali wapiga video za harusi wanaulizana kila siku, na jibu wanalopeana mara nyingi ni "punguza kwoliti", ambalo sio uongo ila halielezi kitu. Umemaliza kuedit send-off ya saa mbili na dakika kumi, MP4 imetoka na GB 2 safi kabisa, kwenye simu inacheza, kwenye laptop inacheza, unaipeleka kwenye programu ya kutengenezea DVD, unaweka menyu yenye picha ya bibi harusi na wimbo wake, unabonyeza, inazunguka weee halafu inakwambia diski haitoshi, inataka GB 8 na ushee. Sasa hizo nane zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye deki. DVD ilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1996, na namna ya kubana picha waliyoichagua kipindi hicho ni MPEG-2, wakati hii H.264 inayofanya MP4 za simu ziwe ndogo ndogo ilikuja kukamilika 2003, DVD zishajaa madukani dunia nzima. Kwahiyo deki ya kawaida inasoma MPEG-2 basi, na MP4 unayoingiza kwenye programu ya DVD inafumuliwa yote na kusukwa upya, ukubwa wa faili la mwanzo hauangaliwi kabisa. Kinachohesabiwa ni vitu viwili tu, video ina dakika ngapi na kila sekunde umeipa biti ngapi, yaani bitireti.

Tupige hesabu ya hiyo send-off. Dakika 130 ni sekunde 7,800. Kama programu imejiwekea megabiti 7 kwa sekunde na wewe hujagusa, 7 mara 7,800 ni megabiti 54,600, gawa kwa 8 upate megabaiti, inakuja kama GB 6.8. Hapo ni picha tu. Sauti ikiwa ni ile isiyobanwa, PCM, inakula megabiti 1.5 kwa sekunde na yenyewe, hiyo ni GB 1.5 nyingine kwa muda huo huo. Jumla GB 8.3. Diski imesema kweli.

Halafu kuna hii ya GB 4.7 yenyewe. Kwenye kasha wameandika 4.7 wakihesabu kwa elfu elfu, ila Windows inahesabu kwa 1,024, kwahiyo ukiitazama kwenye kompyuta unaona 4.37. Hujaibiwa wala diski sio feki, ni ile ile, lakini ukipanga mradi wako ujae 4.7 ya Windows utakwama mwishoni kabisa baada ya kusubiri usiku kucha, na hapo umeme ukikatika ndo utalia vizuri.

Njia fupi ya kukumbuka: chukua 600, gawa kwa dakika za video. Unachopata ndo megabiti za jumla unazoruhusiwa kwa sekunde, na akiba kidogo ya menyu imo humo. Dakika 130 inakupa 4.6, toa sauti ya 0.2, picha inabaki na 4.4. Dakika 90 unapata 6.7, ukitoa sauti picha inabaki na kama 6.5, hiyo inapendeza kabisa. Dakika 60 hesabu inakupa 10, usiifuate, maana sheria ya DVD ni picha isizidi 9.8 na picha na sauti kwa pamoja zisizidi 10.08, na mimi hata hiyo 9.8 siigusi kwa sababu diski za bei rahisi kwenye deki iliyochoka zinakwamakwama pale picha inapokuwa nzito, weka kilele kwenye 8 na ulale. Dakika 180 ni 3.3, na hapo hakuna ujanja, watu wakianza kucheza na taa za ukumbi zinamulika huku na huku picha inakatika vibokisi vibokisi. Video ya saa tatu gawa diski mbili, au nunua DVD ya tabaka mbili ya GB 8.5, ila hizo deki nyingine za zamani hazizipendi.

Hiyo sauti ya 0.2 ninayoisema ni AC-3, ile ya Dolby, kilobiti 192 kwa sekunde. Watu wanahangaika na picha wanaishusha mpaka inakuwa ukungu kumbe GB nzima na nusu imekaliwa na PCM ya MC anayepiga kelele. Badilisha sauti kwanza ndo uje kwenye picha. Na iwe kilohezi 48, DVD haikubali 44.1 ya CD za muziki, programu nyingi zinabadilisha zenyewe kimya kimya, chache zinagoma na kukuletea ujumbe usioeleweka.

Sasa kuna wale ambao hata kwenye DVD hawajafika, video inagoma kutoka kwenye programu ya kueditia. Premiere inafika asilimia 60 inakuletea "Error compiling movie" na watu wanaanza kufuta programu na kuinstall upya, kazi ya bure. Matoleo mapya yanakuandikia chini yake muda kamili ilipokwama, tuseme dakika ya 41 na sekunde 12. Nenda hapo hapo kwenye taimlaini uangalie kuna nini. Mara nyingi utakuta kitu kimoja kinachoeleweka: picha ya mnato iliyotoka kwenye kamera ikiwa na pikseli 6,000 kwa upana wakati DVD nzima ni 720 kwa 576, au efekti nzito iliyowekwa juu ya efekti nyingine, au klipu ya WhatsApp ambayo mjomba alituma. Picha ipunguze mpaka pikseli 2,000 hivi, klipu ibadilishe kwanza iwe faili jipya halafu uirudishe, efekti iondoe ujaribu. Kama inakwama kila mara sehemu tofauti basi sio klipu, ni mashine, hapo nenda kwenye setingi za mradi uhamishe kurenda, yaani ile kazi ya kuchakata video, kutoka kwenye kadi ya grafiki kwenda softwea peke yake, itachukua muda mrefu ila itamaliza. Na kabla ya yote hayo tazama diski C ina nafasi gani, maana faili za muda zinajazana huko hata kama wewe unahifadhi D. Ukiwa unatoa moja kwa moja kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, ikifika GB 4 itagoma hata ufanyeje, hiyo ndo mwisho wake kwa faili moja.

Kuna na hii inayowatisha watu: umechagua MPEG2-DVD, ikatoka, unaifungua haina sauti. Haijaharibika. Hiyo setingi inatoa faili mbili, moja ya picha yenye jina la .m2v na nyingine ya sauti, na zinakuja kuunganishwa na programu ya kutengenezea DVD. Zamani ilikuwa Encore ya Adobe, ila iliishia kwenye CS6 ya 2012 na Windows nayo ikaondoa DVD Maker yake kuanzia Windows 8, kwahiyo siku hizi wengi wako kwenye DVDStyler ambayo ni ya bure na kazi inafanya.

Diski imetoka, kwenye kompyuta inacheza, deki inasema hakuna diski. Ifungue uone ndani. Ukikuta MP4 imekaa pale peke yake, umechoma diski ya data, sio DVD ya video. Inatakiwa uone folda la VIDEO_TS likiwa nje kabisa, sio ndani ya folda lingine lenye jina la maharusi, na humo ndani kuna faili za IFO, BUP na VOB zilizokatwa katwa zisizidi GB 1 kila moja. Hiyo sio hitilafu, ndivyo zinavyokaa, usijaribu kuziunganisha. Kuchoma nako usikimbilie kasi ya 16 kwa sababu imeandikwa kwenye kasha, weka 8 au hata 4.

Kwenye TV ya chogo ndo utajua kama ulikuwa makini. Watu wamekuwa warefu wembamba kama wamevutwa? Ulisahau kuweka alama ya 16:9, yaani picha pana, pikseli ni zile zile 720 kwa 576 ila deki inategemea hiyo alama kujua itanue au isitanue. Majina ya maharusi yamekatwa pembeni? TV za chogo zinameza kingo za picha, sogeza maandishi ndani. Mtu akitembea picha inatetemeka kama inapigana yenyewe? Mpangilio wa mistari inayochora picha kwa zamu umegeuka, kamera ilianza na mstari wa juu na wewe umechagua wa chini, au kinyume chake. Picha inaruka ruka kidogo kila sekunde? Angalia kama umechanganya kamera ya fremu 25 kwa sekunde na simu ya fremu 30. Sisi huku tuko kwenye PAL, fremu 25, mfumo wa TV uliotokana na umeme wa hezi 50, na simu nyingi zinatoka kiwandani zikiwa kwenye 30 ya Wamarekani. Bora ubadilishe setingi ya simu kabla ya kurekodi kama inaruhusu, kuliko kuja kurekebisha baadaye.

Na kwa sababu hiyo hiyo, ndugu aliyeko Uingereza au Oman mtumie nakala hii hii ya PAL, itacheza. Wa Marekani na Canada mtengenezee yake, 720 kwa 480 na fremu 29.97, maana deki nyingi za kule zikiona PAL zinaitema, na sio mambo ya rijini code, ile kufuli ya diski kwa maeneo ya dunia, kama watu wanavyodhani, diski uliyochoma mwenyewe kwa kawaida haina kufuli hiyo.